Kushuka Korogwe kwa Benchi la Kwaya

Mnaniuliza kanisani, mnaniuliza dukani, juzi nimeulizwa hata msibani, kwa nini mwalimu mstaafu mwenye akili zake alishuka milima yote ya Usambara kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, amekaa kwenye benchi, na kabichi moja pembeni yake. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika mara moja, msome, mniache nipumzike.

Sababu ni mke wangu, Mama Upendo. Ameimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu, hapa juu ya mji wa Lushoto, tangu hatujaoana, mpaka nyonga yake ilipomgomea. Kutoka kwetu hadi kanisani unashuka bondeni, unavuka kijito, kisha unapanda kilima ambacho hata mbuzi hupumzika katikati. Bodaboda hawezi kuipanda, nyonga haikubali. Gari la kukodi nililileta mara moja. Dereva alikitazama kilima, akasema amesahau kitu mjini, na mpaka leo hajarudi. Wanakwaya nao walikuja na machela, kama tunavyowabeba wagonjwa huku kwetu. Aliwafukuza. "Machela ni ya mgonjwa na ya maiti," aliwaambia. "Mimi sijawa yeyote kati ya hao."

Sikukuu mbili za mavuno zilipita yuko nyumbani. Aliimba jikoni, peke yake, sehemu yake tu, na pale ambapo wenzake wa sauti ya kwanza huingia, alinyamaza kuwangoja, kisha akaendelea. Kule kunyamaza kuliniumiza kuliko kuimba. Mwaka huu akatamka kwamba mavuno ya tatu yakimkuta nyumbani, joho la kwaya atalirudisha kwa mwenyekiti, apewe mwingine mwenye miguu.

Ndipo nikaamua kuunda gari.

Nimefundisha ufundi miaka mingi, vyuma na mbao havinitishi. Chesisi na ekseli nilizipata kwenye pikapu iliyokufa zamani. Injini ni ya pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono. Bodi nililiunda kwa mabenchi ya kanisa: usharika ulipoleta viti vya plastiki, mabenchi ya wazee wetu yalitolewa nje yanyeshewe, nikayaomba manne. Mojawapo lilikuwa benchi la sauti ya pili, lile lenye neno KWAYA limechongwa mgongoni. Hilo sikulikata hata inchi moja. Nililifunga nyuma likiwa zima, liwe kiti chake.

Siku nilipoliwasha kwa mara ya kwanza, Mama Upendo alitoka na fimbo yake, akalizunguka.

"Lina namba?" aliuliza.

"Bado."

"Basi sipandi."

Lazima niwaambie kwamba Mama Upendo alifundisha uraia shule ya msingi mpaka alipostaafu. Wengine huzeeka wakisahau. Yeye alizeeka akikumbuka vifungu.

Nikaenda mjini kwenye ofisi ya usalama barabarani kuuliza namba. Nikaambiwa gari lipate namba, sharti likaguliwe. Likaguliwe wapi? Korogwe, mkaguzi atafika Alhamisi. Nilifikishe vipi Korogwe? Kwa barabara. Na gari lisilo na namba linaruhusiwa barabarani? Haliruhusiwi. Afande wa zamu, mtu mzima mwenye huruma, akavuta karatasi akaniandikia kibali. Kilikuwa na masharti: siku moja tu, mchana tu, mwendo usiozidi ishirini kwa saa, kwenda Korogwe kwa ukaguzi, bila abiria, bila mzigo, na dereva asisimame popote isipokuwa kwa amri ya ofisa wa serikali. Mavuno yalikuwa Jumapili ileile inayofuata. Nilikihesabu kibali kile kuwa wokovu.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani. Mama Upendo alikuwa amekwisha kukisoma kibali mara tatu, miwani puani. Aliuona mfuko wangu wa chakula kwenye kiti cha mbele, akauondoa.

"Hicho ni chakula changu cha mchana, Mama Upendo."

"Kikiwa mfukoni ni mzigo. Kikiwa tumboni si mzigo. Kaa ule."

Nikakaa nikala chai na viazi vya asubuhi, na juu yake makande ya mchana, na chupa nzima ya chai ya njiani nikaimaliza kwa kulazimishwa. Akahamia kwenye boksi la spana.

"Na hili?"

"Hilo ni la gari."

"Limeshikana na gari?"

Halikuwa limeshikana. Nikalipigilia misumari minne sakafuni, likawa gari. Kisha akanipa mabango mawili aliyoyaandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni, GARI LA MAJARIBIO, moja la mbele, moja la nyuma. Nilipokwisha kuyafunga alishika mlango, mkono juu ya mbao ileile aliyoiegemea ujana wake wote.

"Baba Upendo, likishindwa ukaguzi, usinifiche."

"Halishindwi."

"Nimesema usinifiche. Joho nitakuwa nimeshalifua."

Saa kumi na mbili na nusu, barabarani. Injini ya pawatila haijui kunong'ona. Watu walichungulia migombani wakidhani kuna anayekuja kulima. Kwa mwendo ule wa ishirini, na mlimani ikawa kumi, na kwenye kona ikawa hata haisomeki, nilipata nafasi ya kusalimiana na kila mtu kikamilifu, jambo ambalo wenye magari ya kawaida hawalijui. Mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani alitembea sambamba nami, akaniamkia kwa Kishambaa.

"Onga maundo, Mwalimu."

Nikaitikia. Akauliza habari za nyumba, za watoto, za nyonga, za ng'ombe, nami nikauliza zake, na zote zilipokwisha bado tulikuwa pamoja. Tukanyamaza kwa aibu kidogo mpaka njia ya shambani kwake ilipofika akakata kushoto.

Karibu saa mbili, Soni. Hapa ndipo nilipokuwa na hofu, kuliko hata kona za chini. Mnafahamu desturi yetu: mtu wa milimani hashuki tambarare mikono mitupu. Anayeshuka hubebeshwa. Hata ukienda kushtakiwa, utashuka na karoti za shangazi wa mtu. Nami nilikuwa napita katikati ya soko la Soni, asubuhi, kwa mwendo wa kutembea, na gari lenye nafasi tele.

Walinizunguka. Mapeasi, karoti, furushi la mboga kwa ajili ya binti fulani aliyeolewa Mombo. Nilipiga kelele kuushinda mngurumo wa injini, "Hairuhusiwi! Sina ruhusa ya mzigo!" na wao wakaona nimekuwa na majivuno kwa sababu nimepata gari. Mama Zaina, muuza kabichi ambaye amenifahamu tangu nilipomfundisha mwanawe, aliacha meza yake akatembea pembeni ya mlango wangu.

"Mwalimu, unashuka Korogwe hivyohivyo?"

"Sheria, Mama Zaina. Nina barua."

"Barua inaliwa? Huko utapokewa na mtu. Utampa nini, barua?"

"Sitapokewa, nitakaguliwa."

"Yote ni kupokewa," akasema, akaitumbukiza kabichi kubwa kwenye kiti cha pembeni, akabaki nyuma akipunga mkono.

Nikawa na mzigo. Kusimama nisimame kwa amri ya nani? Kuitupa barabarani ni kosa lingine, na Mama Zaina alikuwa bado ananitazama. Nikateremka kutoka Soni nikiwa mhalifu.

Kutoka Soni kwenda Mombo barabara inajikunja kando ya mwamba, mto uko chini kwa mbali. Breki zilifanya kazi vizuri, nasema kwa fahari. Aliyeanza kunisumbua alikuwa dereva. Ile chupa nzima ya chai niliyomalizishwa asubuhi ilianza kudai haki yake kwenye kona ya tatu au ya nne. Kibali kinasema nisisimame isipokuwa kwa amri ya ofisa wa serikali. Nilipita vichaka vizuri, vyenye kivuli, visivyo na mtu, nikavitazama tu. Kabichi ilikuwa tayari kosa moja. Sikutaka la pili. Sijawahi maishani mwangu kutamani kusimamishwa na serikali kama nilivyotamani asubuhi ile.

Saa tatu, kabla ya kuingia Mombo. Mungu akasikia: kizuizi kimeshushwa, kijana mwenye sare ya kijani ameinua mkono. Hakuwa askari wa barabarani, alikuwa wa maliasili, wale wanaokagua mbao na mkaa. Nikasimama kwa furaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Choo kiko wapi?"

Niliporudi nikiwa mtu mwingine, nilimkuta ameinama kwenye mlango wa gari, ananusa. Jina lake lilikuwa Hoza, kijana wa Korogwe, mpole, na mwenye pua kali.

"Mzee, hii ni mkulo," alisema.

"Ndiyo, mkulo." Nilijibu kwa kiburi cha seremala. Mkulo ni ule mti wetu wa milimani wenye harufu ya dawa ya nondo, na hakuna mbao inayoufikia.

"Mkulo haukatwi siku hizi. Kibali cha kusafirisha mbao kiko wapi?"

"Bwana mdogo, hizi si mbao. Hili ni gari."

"Lina namba?"

"Halina."

"Basi kwangu mimi ni mbao," alisema, bila ubaya wowote. "Mbao za mkulo, zimepangwa juu ya magurudumu, zinashuka kwenda mjini. Hujui watu wanavyotuchezea, mzee. Mwezi uliopita tulikamata jeneza limejaa mkaa."

Nikampa kibali cha usalama barabarani. Akakisoma, akanirudishia kwa mikono miwili: kwake hakikuwa na kosa, ila hakikutaja mbao. Akasema itabidi alizuie gari mpaka mkuu wake arudi Jumatatu. Jumatatu! Niliona joho lile limekunjwa mezani kwa mwenyekiti wa kwaya. Nilikasirika, nikapaza sauti, nikasema mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya kabichi. Kisha nguvu zikaniisha, nikamweleza yote: nyonga, kilima, machela, mabenchi ya kanisa.

"Mabenchi ya kanisa?" aliuliza. "Ya zamani?"

"Miti hiyo ilikatwa kabla babu yako hajazaliwa."

"Utathibitishaje?"

Ningethibitishaje? Mti haubebi cheti. Hoza akafikiri, akavua kofia, akalala chali kwenye vumbi akajisukuma chini ya benchi la sauti ya pili. Nilisikia akikwangua kitu kwa ukucha. Alipotoka uso wake ulikuwa umechangamka.

"Mzee, huku chini kumejaa bablishi."

"Nini?"

"Bablishi, za kutafuna. Zimekauka, zimekuwa mawe. Kuna safu juu ya safu. Hakuna mti porini wenye bablishi. Hili kweli ni benchi la kanisa."

Sikujua nifurahi au niwaonee aibu wanakwaya wote wa sauti ya pili, nikijua fika nani aliketi pale muda mrefu kuliko wengine. Hoza aliingia ofisini, akatoka na karatasi yenye mhuri. Ilisema kwamba kilichobebwa si mbao ghafi bali ni samani chakavu ya kanisa, yaani benchi moja la mkulo, lenye magurudumu manne, linaruhusiwa kupita kwenda na kurudi. Akachukua nyundo ya alama ya serikali, akagonga chini ya kiti mahali pasipoonekana.

"Na kabichi?" niliuliza, maana dhamiri ilikuwa inanisuta.

"Mimi ni misitu, mzee. Kabichi siijui."

Saa nne na nusu, Mombo, kisha barabara kuu. Joto la tambarare lilinipiga usoni, na mabasi ya mikoani yalinipita yakipiga honi, abiria wamejazana madirishani kusoma mwandiko wa Mama Upendo. Katikati ya mashamba ya mkonge nilikuwa peke yangu kwa muda mrefu. Nilikuwa na karatasi mbili mfukoni, moja inasema nina gari, moja inasema nina benchi, na nilijiona nimejilinda kila upande. Nilikuwa mjinga.

Saa saba kasorobo, Korogwe. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, afande mwenye kalamu tatu mfukoni, na kwenye meza yake bango lilisema kazi inafungwa saa nane. Nilimwamkia kwa adabu. Nikamkabidhi karatasi zote mbili, ndilo kosa langu, ningempa moja. Alisoma ya kwanza. Alisoma ya pili. Akairudia ya kwanza.

"Mwalimu, umeniletea gari au umeniletea benchi?"

"Vyote viwili, afande."

"Fomu yangu haina vyote viwili. Mimi sikagui samani. Nikianza na benchi, kesho wataniletea kabati."

"Afande, linatembea. Limenileta kutoka Lushoto."

"Hata jeneza hutembea likibebwa." Sijui kwa nini siku ile maofisa wote walikuwa wanafikiria majeneza. Kisha akaiona kabichi. "Na hiyo? Kibali kinasema bila mzigo."

Nikafanya alichonifundisha Mama Zaina: niliichukua kwa mikono miwili nikamnyooshea. "Ni ya mwenyeji, afande. Ni desturi yetu."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Mwalimu! Unanipa rushwa mchana kweupe?"

Basi nikabaki nimeshika kabichi katikati ya uwanja: kuibeba ni mzigo, kuitoa ni rushwa, kuitupa ni uchafuzi. Machozi yalikuwa karibu, nawaambieni kweli. Nikamwambia, "Afande, mke wangu yuko nyumbani anafua joho ili alirudishe. Sikuja kucheza."

Hakusema pole. Aliitazama saa yake, akalizunguka gari kama alivyolizunguka Mama Upendo, akagonga mbao, akasoma neno KWAYA. Mwishowe akatoa hukumu.

"Benchi halina breki. Kama hiki chombo kina breki, ni gari, na karatasi ya pili siijui. Kama hakina, ni benchi, na uende nalo nyumbani. Panda pale."

Pale palikuwa na tuta la udongo, mteremko mkali nyuma ya uwanja. Nikapanda, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini. Afande akaichukua kabichi mapajani mwangu, akaiweka nyuma kabisa ya gurudumu la kulia, ikigusana na mpira.

"Shuka kwenye gari. Dakika tano. Kabichi ikipona, umefaulu."

Tukasimama kwenye jua kali, yeye, mimi, na mafundi wawili waliokuja kutazama. Dakika ya pili mbao zililia. Dakika ya tatu gari lilishuka, kidogo, labda upana wa kidole, kabichi ikatoa sauti ya kupasuka, na moyo wangu ukapasuka nayo. Kisha likatulia. Dakika ya tano afande alichuchumaa, akaitoa kabichi, akaigeuza.

"Jani la nje limebanwa."

"Afande," nilisema, "jani la nje hata sokoni huondolewa."

Akaitazama tena. "Ni kweli," akasema. "Hilo halihesabiwi."

Akapima taa, honi, indiketa, vioo. Kwenye fomu palipoandikwa aina ya bodi alisita kati ya saluni na pikapu, kisha mahali pa "nyingineyo" akaandika kwa herufi kubwa: BENCHI. Akagonga mhuri. Gari langu lilifaulu, na nilitamani kumkumbatia lakini ingekuwa rushwa.

"Namba nipewe wapi, afande?"

"Namba? Makaratasi yanakwenda mkoani. Wiki tatu, nne."

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Nilikuwa nimeuliza kila swali isipokuwa hilo. Miezi yote ile ya kupiga randa niliamini kwamba namba hutolewa palepale, kama risiti.

"Na kurudi nirudi vipi?"

"Kibali chako ni cha kuja. Kisheria hili gari sasa halitakiwi kuwa barabarani."

"Na hapa uwanjani?"

"Hapa ndiyo kabisa. Nafunga saa nane."

Saa tisa, bado Korogwe. Huko nje ya geti lori la Rajabu, kijana wa Soni anayeshusha mboga kila siku, lilikuwa linajiandaa kurudi tupu. Nikamwomba anibebee.

"Mwalimu, gari halina namba, nitakamatwa mimi."

Nikampa karatasi ya Hoza. Akaisoma huku midomo ikitembea, akaligeukia gari, akaisoma tena. "Basi ni benchi," akasema, na akarudisha lori lake nyuma mpaka kwenye ukingo wa udongo. Tukalisukuma kwa mikono likaingia, tukalifunga kamba. Nikakaa mbele na Rajabu, kabichi mapajani. Kizuizini Hoza aliutambua mwandiko wake, akatupungia. Tulifika nyumbani jua halijazama.

Mama Upendo alikuwa barazani. Aliliona gari juu ya lori, akajua kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia limefaulu. Nikamwambia habari ya namba. Sikumficha kitu.

"Wiki nne," alisema.

"Panda hivyohivyo Jumapili. Nani atakuona? Ni kijijini."

"Mimi nitajiona." Akaingia ndani. Ijumaa alipiga pasi joho lile, upande huu na upande ule, akalikunja, akalitia kwenye mfuko, akauning'iniza kwenye msumari wa mlangoni ili nisiusahau Jumapili. Sijawahi kuuchukia mfuko kama ule.

Jumamosi mchana. Aliniomba makaratasi ya safari ayatunze kwenye jalada, maana nyumbani kwetu hata risiti ya kibiriti ina jalada. Nilikuwa nje namwagia ng'ombe majani, nikasikia fimbo yake ikija haraka.

"Baba Upendo. Hii inasema nini?"

"Ya maliasili hiyo. Iache tu, ilikuwa nusura initie matatani."

"Nasoma: benchi moja, magurudumu manne. Ina mhuri. Inasema kwenda na kurudi." Alivua miwani. "Benchi linahitaji namba?"

Niliacha majani yaanguke. "Halihitaji."

"Benchi la kanisa likirudishwa kanisani ni kosa?"

"Si kosa."

"Injini ikizimwa, hicho ni chombo cha moto?"

"Hicho ni... hapana, Mama Upendo. Hicho ni benchi tu."

"Ufunguo nitaushika mimi," alisema. "Na uwaite."

Nikawaita. Huku kwetu tuna ngemo, ile kazi ya kuitana, ambayo mwenye shughuli hupika na walioitika hufanya. Watu huitana kulima au kuezeka nyumba. Haijawahi kuitishwa, kwa ninavyojua, kwa ajili ya kuvuta benchi. Lakini ngemo ni ngemo; sufuria ya makande ilipopanda jikoni, kwaya nzima ilikuwa imeshajua.

Jumapili, saa mbili asubuhi. Walikuja na kamba za kufungia ng'ombe. Mama Upendo alitoka. Mfuko haukuwa tena msumarini. Joho alikuwa amelivaa. Nilimshika mkono akapanda, akaketi upande wa kushoto wa benchi, palepale alipoketi ujana wake wote, akapapasa chini ya kiti kwa vidole, akatabasamu kidogo akautoa mkono haraka. Sikumuuliza. Kabichi aliipakata yeye.

Kushuka bondeni, sauti ya tatu na ya nne walikaa nyuma kuzuia, wakiburuzwa visigino. Kwenye kijito wote walihamia mbele. Mimi nilishika usukani, injini imezimwa, ufunguo uko kwenye mfuko wa joho. Kilimani walianza kuimba ili wavute kwa pamoja, na pale ambapo sauti ya kwanza huingia, iliingia kweli, mbele yangu, na nyuma yangu sauti ya pili ikaipokea. Sikuweza kugeuka kumtazama kwa sababu ya usukani. Nililia nikiwa natazama mbele, na mwinjilisti aliyekuwa akitungoja juu alidhani ni jasho.

Baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno, kabichi ile yenye jani moja lililobanwa iligombewa kuliko mbuzi. Mama Upendo hakukubali iende kwa mwingine. Tuliila sisi na kwaya.

Mnaouliza nimejifunza nini, nimejifunza kuuliza swali la kurudi kabla sijaondoka. Na nimejifunza kutotupa karatasi yoyote ya serikali, hata inayokutukana.

Namba ilikuja baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa. Nimeifunga mbele na nyuma, iko sawa, gari ni halali, na siku za kazi Mama Upendo hupanda bila neno, tunakwenda mjini na kurudi. Ila Jumapili, tukifika kwenye kijito chini ya kilima cha kanisa, huniambia nizime. Nikiinua macho, wanakwaya wamekwisha kupanga mistari yao na kamba mikononi. Nazima, naugeuza ufunguo, nauchomoa, nampa.